UZI: Siku nne za mwanzo za safari ndefu ya baiskeli peke yako kutoka Dar (njia, mzigo, chuma, mwili)

Ekseli_Nyuma #1

Wakuu, habarini.

Uzi huu ni wa anayetaka kutoka Dar kwa baiskeli, peke yake, kwenda mbali: Iringa, Mbeya, Moshi, Lindi, au kuvuka mpaka. Maswali mengi yanayoletwa humu yanahusu mlima Kitonga wa kule Iringa na mipakani. Kitonga iko mbali bado. Safari nyingi hufia kabla ya Msamvu, stendi ya Morogoro, na sababu ni zilezile: mtu kaanza na kilomita 110 juani siku ya kwanza, kabeba kilo 25, siti iko chini, na boliti za keria hazijaguswa tena tangu zifungwe. Siku ya tatu goti limekataa au spoki zimekatika, baiskeli inapanda basi kurudi mjini.

Msimamo wangu: siku nne za kwanza zihesabu kuwa za kupima chombo na mwili. Kilomita zitakuja. Ndani ya siku hizo bado Kariakoo iko nyuma ya mgongo wako. Kifaa kikikosekana, mtu wako anakitia kwenye basi asubuhi na mchana unacho mkononi. Ukishapita Mikumi huna tena faida hiyo.

Njia za kutokea mjini ni tatu kwa mtu wa safari ndefu. Ya Morogoro inapita Ubungo, Kimara, Mbezi, Kibaha, Mlandizi hadi Chalinze, kama km 107 kutoka katikati ya mji. Ndiyo fupi kwa anayekwenda magharibi, na ndiyo yenye malori ya Zambia, Kongo na Rwanda usiku na mchana. Ya Kilwa inapita Mbagala, Kongowe, Mkuranga, Kibiti, Ikwiriri, kisha Daraja la Mkapa juu ya Rufiji. Hiyo ni ya watu wa Lindi na Mtwara. Ya Bagamoyo ndiyo ninayomshauri anayeanza, hata kama anakwenda Mbeya. Mpango wake ni huu:

Siku ya 1: Dar hadi Bagamoyo, km 65 hadi 70 kutegemea unaanzia wapi. Ondoka Jumapili. Uwe umeshapita Mwenge kabla ya saa 12 asubuhi, taa zikiwaka, maana mwezi wa 7 jua linachomoza karibu saa 12 na nusu. Tegeta na Bunju utazipita foleni haijaanza. Simama Mapinga, kaza kila boliti ya keria na ya mkono wa pedeli. Kabla ya saa 5 uko Bagamoyo. Mchana wote uliobaki ni wa kazi moja: mwaga mzigo wote kitandani, kitu ambacho hujui utakitumia lini kirudishe Dar kwa basi.

Siku ya 2: Bagamoyo, Makofia, Kiwangwa, Msata, km 64 za lami. Magari ni machache kuliko Morogoro Road na vilima vinaanza taratibu. Ondoka na lita 4 za maji, usihesabu maduka. Kiwangwa ni nchi ya mananasi. Kula hapo, lakini nusu nanasi inatosha. Ukimaliza zima, asidi yake itakuchoma midomo na tumbo kutwa.

Siku ya 3: Msata, Lugoba, Chalinze, kama km 40 tu. Ufupi huo ni wa makusudi. Siku ya tatu ndiyo miguu huwa mizito kuliko zote, na hapa unaingia barabara ya mabasi ya Tanga na Arusha pamoja na malori ya kokoto ya Lugoba. Fika Chalinze kabla ya saa 4, fua, lala mchana, kagua chombo chote.

Siku ya 4: Chalinze, Ubena Zomozi, Mikese, Morogoro, km 85 hivi. Barabara inapanda na kushuka bila kuacha, hakuna mlima mmoja wa kuuogopa. Uluguru unaanza kuonekana mkono wa kushoto. Morogoro lala usiku mbili.

Habari ya upepo: kusi, tangu mwezi wa 4 au wa 5 hadi wa 9, inavuma kutoka kusini mashariki. Anayekwenda Bagamoyo anasukumwa, anayekwenda Lindi anakula upepo wa uso. Kaskazi, tangu mwezi wa 11 au 12 hadi wa 3, kinyume chake. Masika, mwezi wa 3 hadi wa 5, mimi simshauri mtu kuanza.

Karibuni mkosoe na kuongeza.

---

Maili_Moja #2

Mkuu Ekseli, uzi mzuri ila hapo kwenye Bagamoyo tutofautiane kidogo. Dar hadi Chalinze kwa njia yako ni kama km 174, kwa Morogoro Road ni 107. Mtu mwenye likizo ya siku 14 hawezi kuzitupa km 67. Kinachoua Morogoro Road ni muda mbaya na kutaka kufika Chalinze siku moja.

Jumapili saa 12 kamili asubuhi uwe Mbezi. Kimara hadi Kibaha barabara ni pana, njia nane, pembeni pana nafasi. Usiingie njia ya mwendokasi hata iwe tupu. Siku ya kwanza iishie Mlandizi, siku ya pili Chalinze. Hapo kila siku ina km 50 hadi 60 na saa 4 asubuhi umeshatua.

Baada ya Kibaha ni njia mbili, na hapo kuna mambo mtu ayashike kichwani.

Kioo kifungwe mkono wa KULIA, maana tunaendesha kushoto na hatari inatoka nyuma kulia. Kioo cha pikipiki kinafaa kikikatwa fimbo.

Hatari kubwa kuliko lori la nyuma ni basi la mbele yako linalolipita lori. Linakuja upande wako na dereva anakuhesabu kuwa utatoka. Toka. Ukiona magari mawili sambamba yanakuja, shuka nje ya lami mapema, ukiwa bado na uwezo wa kuchagua pa kushukia.

Kingo ya lami mahali pengine imekatika na udongo uko chini kwa inchi mbili au tatu. Ukishatumbukia, usijaribu kurudi juu huku unatembea sambamba na kingo. Tairi la mbele linasugua ukuta wa lami, usukani unakataa, unaangukia ndani ya barabara. Simama, inua baiskeli, panda upya.

Lori lenye tela likikupita, upepo wake unakusukuma nje kwanza, kisha unakuvuta ndani nyuma ya tela. Legeza viwiko, shika usukani kwa mikono miwili, na usihame mstari mpaka tela limalize kupita. Mara nyingi nyuma yake kuna jingine.

---

Ekseli_Nyuma #3

Mkuu Maili, hoja ya Mlandizi naikubali kwa mtu aliyezoea magari. Kwa anayebeba mzigo mara ya kwanza bado nabaki na Bagamoyo, kwa sababu baiskeli yenye mzigo haitulii kama aliyoizoea, na anajifunza kuituliza huku mabasi yanampita. Km 67 ndiyo bei ya somo hilo.

---

Fundi_Spoki #4

Wadau, nizungumzie chuma. Wiki mbili kabla ya safari, pakia mzigo kamili, hadi maji, nenda Kisarawe kwa Pugu na urudi. Vile vilima vinatosha kukuonyesha keria inayocheza, breki isiyoshika na gia inayoruka. Kitu kisichovumilia Pugu hakitafika Mikese.

Spoki. Za nyuma upande wa cheni ndizo zinazokatika, kwenye kiwiko, pale zinapoingia kwenye habu (kitovu cha gurudumu). Uzito wa mzigo ni sehemu ya sababu, ila kubwa ni kulegea: spoki iliyolegea inakunjwa na kunyooshwa kila mzunguko wa gurudumu mpaka chuma kinachoka. Pindua baiskeli juu chini, zigonge kwa ukucha moja moja. Upande mmoja zote zitoe mlio unaofanana. Yenye mlio mzito, wa kukwaruza, imelegea. Upande wa cheni mlio uwe mwembamba kuliko wa kushoto, hiyo ni kawaida kwa gurudumu lenye gia. Beba spoki 4 za urefu sahihi wa upande wa cheni, zifunge kwenye fremu kwa tepe. Na beba kifungulio cha friwili yako (yale meno ya nyuma), maana bila kuitoa friwili spoki ya upande huo haiingii. Fundi yeyote njiani ana spana kubwa ya kukigeuza, lakini kifungulio cha aina yako huenda hana.

Ekseli ya nyuma. Baiskeli nyingi za gia za bei ya chini zina friwili ya kufunga kwa nyuzi, na gololi za kulia zinabaki mbali na fremu. Ekseli inabeba mzigo kwenye sehemu isiyoshikwa, inapinda, kisha inakatika. Itoe, ivingirishe juu ya kioo cha meza. Ikionyesha mwanga chini yake unaokuja na kupotea, imepinda. Badilisha hapa Dar, usisubiri.

Cheni. Chukua rula ya shule yenye inchi. Sifuri iweke katikati ya pini moja, hesabu hadi inchi 12. Pini iangukie katikati ya alama ya 12. Ikizidi kwa 1/16 ya inchi, nunua cheni mpya. Ikizidi kwa 1/8, cheni mpya itaruka kwenye meno ya zamani, kwa hiyo friwili nayo ibadilishwe. Kilainishi ni tone moja kwa kila kiungo, zungusha pedeli dakika mbili, kisha futa kwa kitambaa mpaka nje pakauke. Oili chafu ya gari usitumie. Ina vumbi la chuma ndani yake, inashika mchanga na kusaga cheni kama msasa.

Mkono wa pedeli wa kushoto. Baada ya km 50 za kwanza, kaza boliti yake kwa nguvu. Ukiendesha nao umelegea hata nusu siku, tundu la pembe nne linapanuka na hautashika tena kamwe. Dawa yake ni kununua mpya. Na kwa wanaofungua pedeli wenyewe: ya kushoto nyuzi zake ni za kinyume, inafunguka kwa kugeuza kulia.

Keria. Boliti ni za milimita 5. Weka nati yenye mpira ndani, au kama huna, paka nyuzi rangi ya kucha kisha funga. Mtikisiko wa barabara unafungua boliti kavu kwa siku mbili. Beba 4 za akiba. Keria ya kubana kwenye nguzo ya siti tu isibebe zaidi ya mkoba wa nguo.

Breki. Raba iguse ringi peke yake, chini ya ukingo kwa milimita 1 hadi 2. Ikigusa tairi italikata ubavuni. Wakati wa kukaza, chomeka kadi ya vocha nyuma ya raba ili mbele iguse kwanza. Inaacha kupiga kelele.

Vifaa vingine: spana ya 15, spana za L namba 4, 5 na 6, kikata cheni na kiungo cha akiba, waya wa breki wa nyuma mmoja na wa gia wa nyuma mmoja (wa nyuma unafaa na mbele, kinyume chake hakiwezekani), pampu, vyuma vitatu vya kutolea tairi, tyubu 2, viraka 10 na solusheni ambayo haijafunguliwa. Solusheni ikishafunguliwa inakauka ndani ya wiki chache hata ukiifunga vizuri.

---

Gia_Ndogo #5

Fundi, shukrani. Baiskeli yangu ni ya mtumba ya Kijapani, inchi 26. Tairi za inchi 26 zimejaa kila mahali, kwa hiyo hapo sina shaka, au vipi?

---

Fundi_Spoki #6

Ndugu, shaka iwepo tena kubwa. Soma ubavuni mwa tairi namba yenye tarakimu tatu. Baiskeli za mlimani ni 559, hizo ndizo zimejaa kila mji. Za Kijapani zenye kikapu nyingi ni 26×1 3/8, na namba yake ni 590. Zote zinaitwa inchi 26 lakini tairi la moja haliingii kwenye ringi ya nyingine. Vilevile "28": ile ya Phoenix na wenzake ni 635, ipo hadi vijijini, ya baiskeli za mbio ni 622, nje ya miji mikubwa usiitegemee.

Ikiwa yako ni 590, ama badilisha magurudumu yote mawili na uangalie kama breki zitafikia ringi mpya, ama beba tairi moja la akiba. Linakunjwa mara tatu na kufungwa juu ya mzigo.

Na angalia vali. Tyubu za kizamani zina kimpira kidogo ndani ya vali. Joto linakiozesha, upepo unatoka polepole na watu wanatafuta pancha isiyokuwepo. Beba vitatu. Vali ya aina ya gari ni bora, inajazwa hadi sheli, ila kwa mipigo mifupi mifupi; mashine ya sheli inapasua tyubu ya baiskeli kwa sekunde.

Kwa tairi la 26×1.75, mtu wa kilo 75 na mzigo wa kilo 15, upepo uwe PSI 55 hadi 60 nyuma, 45 mbele, kwa kipimo cha pampu. Kubonyeza kwa kidole gumba hakupimi kitu.

---

Waya_Mwembamba #7

Naongeza kwenye pancha kwa sababu ndiyo itakayomkuta kila mtu siku ya kwanza au ya pili.

Kwenye hizi barabara za malori miiba si adui mkubwa. Adui ni waya wa tairi za malori. Tairi la lori likipasuka, ule mkanda wa chuma wa ndani unamwaga nywele za waya pembeni ya barabara, hasa pale pale sisi tunapopita. Waya wenyewe ni mfupi kama punje ya mchele na mwembamba kama unywele mgumu. Unaingia kwenye raba, hauonekani kwa nje, na unatoboa kila tairi linapobonyea. Mtu anaziba, anajaza, km 3 mbele chini tena. Anasema kiraka kibovu. Kiraka kizima, waya bado umo.

Fanya hivi. Kabla hujatoa tairi, weka alama kwenye ubavu wake mkabala na vali. Toa tyubu, jaza upepo, tafuta tundu kwa kuhisi upepo kwenye mdomo wa juu au kwenye maji. Ukilipata, rudisha tyubu juu ya tairi kwa kufuata alama ya vali. Sasa unajua tairi likaguliwe wapi, sehemu mbili tu, maana tyubu inaweza kuwa imegeuzwa. Chukua kipande cha pamba, kipitishe taratibu ndani ya tairi pande zote mbili. Pamba itanasa. Pale iliponasa pana ncha ya waya, hata kama macho hayaoni kitu. Usitumie kidole, utajichana. Ng'oa kwa plaizi au kikatia kucha, kutokea upande wowote unaoshikika. Pitisha pamba tena mpaka isinase.

Kiraka: sugua kwa msasa eneo kubwa kuliko kiraka, paka solusheni nyembamba, subiri dakika 5 hadi ikauke na isinate kidoleni, ndipo ubandike na ubonyeze. Wengi wanabandika ikiwa bado mbichi, kisha jua la saa 7 linakibandua.

Tundu mbili ndogo zilizo sambamba kama alama ya meno ya nyoka si waya. Hiyo ni tyubu iliyobanwa na ringi kwa sababu ya upepo mdogo. Ongeza upepo.

Tairi likichanika, kata kipande cha tairi kuukuu cha sentimita 10, kiweke ndani kati ya tyubu na mpasuko. Kinakufikisha mji unaofuata.

---

Dawa_ya_Jua #8

Mimi nigusie mwili.

Maji: kwa joto la Pwani, nusu lita hadi robo tatu ya lita kwa saa unapoendesha. Maji matupu kutwa nzima hayatoshi. Jasho linatoa chumvi, na anayekunywa maji tu kwa wingi anashusha chumvi ya damu. Kichwa kinauma, anatapika, anadhani hajanywa ya kutosha na anaongeza. Chupa moja kati ya mbili iwe na mchanganyiko: lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Usizidishe chumvi. Mkojo uwe wa manjano hafifu. Ukiwa rangi ya chai, simama kivulini.

Saa 5 asubuhi hadi saa 9 alasiri usiwe juani siku hizi nne. Mwili unahitaji wiki moja hadi mbili kuzoea kufanya kazi kwenye joto, na mtu wa ofisi yenye kiyoyozi, hata kama amezaliwa Temeke, hajazoea. Ngozi ya moto sana, kuchanganyikiwa, kuyumba: hapo safari imesimama. Kivuli, maji mwili mzima, pepea, tafuta gari la hospitali. Hiyo hairuhusu kusubiri uone.

Chakula: anza kula kabla njaa haijaja, kila saa kitu kidogo. Ndizi mbivu mbili, au chapati, au kashata na maji. Asubuhi chai na mihogo au chapati mbili. Wali maharage mkubwa uwe baada ya kufika. Chipsi mayai yenye mafuta mengi katikati ya safari inakaa tumboni kama jiwe, iache hadi jioni.

Goti: likiuma mbele, chini ya kifuniko chake, siti iko chini au unasukuma gia nzito. Likiuma nyuma, siti iko juu. Kipimo: kaa, kisigino kwenye pedeli iliyo chini kabisa, mguu unyooke bila nyonga kuinama. Rekebisha kwa milimita 5 tu kwa mara moja na uendeshe siku nzima kabla ya kugusa tena. Zungusha pedeli mara 70 hadi 80 kwa dakika. Mlimani, gia ya meno 22 mbele na 34 nyuma si aibu kwa mwenye mzigo.

Vidole viwili vya mwisho vikifa ganzi, mshipa wa fahamu umebanwa kwenye kiganja. Inua usukani, badilisha mshiko kila dakika 10. Usipuuze ganzi inayobaki hadi asubuhi.

Makalio: kaptura ya baiskeli haivaliwi na chupi ndani, maana mishono ndiyo inayochubua. Beba mbili, moja inafuliwa kila siku. Mafuta ya mgando kabla ya kuondoka. Fika, oga, vaa nguo kavu ndani ya nusu saa. Kukaa na kaptura yenye jasho gesti ndiyo mwanzo wa jipu.

---

Mzigo_Mwepesi #9

Kuhusu kilo 25 za Ekseli: kilo 12 hadi 15 bila maji zinatosha kwa anayelala gesti. Mwenye hema aongeze 3. Wasio na mikoba ya keria wachukue madumu mawili ya lita 20 ya mraba, wakate ubavu mmoja kama mlango, wafunge kwa boliti na vibao vya ndani. Ni nyepesi na mvua haiingii. Vitu vizito (vifaa, betri, chakula) viwe chini, karibu na ekseli. Kamba yenye ncha inayoning'inia ndiyo inayoingia kwenye spoki. Tumia mikanda ya tyubu iliyokatwa, inavutika na haifunguki.

Baiskeli ikiyumba usukani ukishuka kilima, mzigo uko nyuma mno au juu mno. Sogeza kilo 3 mbele kwenye usukani, hali itatulia.

---

Bi_Msafiri #10

Kaka zangu, mmesahau malazi, na kwa mwanamke peke yake hilo ndilo la kwanza.

Fika kabla ya saa 10 jioni ili uwe na muda wa kukataa gesti na kutafuta nyingine. Chumba kikaguliwe kabla ya kulipa: komeo la ndani linafanya kazi, dirisha linafungika, chandarua hakina tundu. Baiskeli ilale chumbani. Wakikataa, hapo si pako. Kitambulisho kitaandikwa kitabuni.

Pasipo na gesti, nenda ofisi ya mtendaji wa kijiji au kwa mwenyekiti, jitambulishe, sema unatoka wapi, omba pa kulala. Ukishapokelewa na mwenyekiti umekuwa mgeni wa kijiji, na usalama wako ni jambo lao. Kujificha na hema porini bila mtu kujua kunaleta maswali usiku.

Wa njiani wakiuliza "dada unaenda wapi?" jibu mji unaofuata tu, na sema kuna watu wanakusubiri. Watakaojua ratiba nzima ni wawili nyumbani. Watumie ujumbe wa ulipo asubuhi na jioni, na mkubaliane kabisa baada ya saa ngapi za kimya waanze kupiga simu.

---

Gia_Ndogo #11

Nimepima, ni 590 kweli. Natafuta magurudumu. Swali la mwisho: baada ya Morogoro, Mikumi inapitika kwa baiskeli?

---

Ekseli_Nyuma #12

Lami inapitika, ila usipite. Barabara inakata hifadhi kwa km 50 hivi, na simba, tembo na nyati wanavuka muda wowote. Pancha katikati ya hapo, peke yako, haina namna. Na mbung'o wapo.

Endesha kutoka Morogoro hadi Doma, hapo simamisha basi au fuso, kubaliana bei ya mtu na ya baiskeli kabla ya kupakia, ushuke Mikumi mjini. Kabla haijaingia buti, toa mikoba na chupa, peleka cheni kwenye jino kubwa kabisa la nyuma ili kibadilisha gia kijifiche ndani, na ilaze ubavu wa kushoto, upande wa cheni uwe juu. Mwambie konda mizigo ya wengine isiwekwe juu ya gurudumu la nyuma. Ukishuka, zungusha magurudumu yote mawili na jaribu breki ukiwa bado stendi.